Debian 13 inasakinika hadi mwisho, ukiwasha upya mashine haiwaki. Kompyuta 5 kati ya 12, Kwa Mrombo

#1 MromboHuria

Wakuu, habari za jioni.

Kuna kituo cha vijana huku Kwa Mrombo, Arusha, nakisaidia mimi na wenzangu wawili. Kimepata kompyuta 12 za mtumba, zile ndogo za ofisini, zote modeli moja: Core i5 kizazi cha 4, RAM GB 4, hadidiski GB 500. Zilikuja na Windows 10, ambayo huduma yake ilikoma 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Tukakubaliana tuweke Debian 13, mfumo huria wa Linux.

Kisakinishi kimekwenda vizuri kwenye zote 12, hakuna alama nyekundu hata moja. Mwisho kinasema usakinishaji umekamilika, toa flashi, washa upya. Mashine 7 zikaingia Debian kama kawaida. Mashine 5 zikatoa skrini nyeusi na mstari mmoja mweupe unaosema hakuna kifaa cha kuwashia. Namba 3 na namba 8 nimerudia mara tatu tatu, jibu lile lile.

Modeli moja, flashi moja, mkono mmoja. Hoja yangu ni hii, na mnisahihishe: kisakinishi kikisema "nimemaliza" na mashine haiwaki, kosa ni la kisakinishi, hata kama ugonjwa uko kwenye mazabodi. Je, kuna mtu huku kwetu aliyewahi kuwaripotia Debian jambo kama hili, au sote huwa tunalalamika kwenye magrupu tu halafu tunalala?

#2 Sanawari77

Mkuu rudisha Windows 10 ulale. Vijana wanatafuta kazi, na ofisi nyingi za hapa mjini zinataka Word na Excel.

#3 KiboNet

Mkuu #2, hakuuliza hilo.

Mleta mada, nipo Moshi, Soweto. Kabla ya lawama, swali moja: flashi iliwaka kwa UEFI (njia mpya ya kuwasha kompyuta) au kwa Legacy (ya zamani)? Mashine hizi ukifungua menyu ya kuwashia, flashi moja inajitokeza mara mbili, mara moja ikiwa na neno UEFI mbele na mara moja bila. Ukichagua ile isiyo na neno, kisakinishi kinaweka GRUB, programu inayowasha Debian, ya mtindo wa zamani. BIOS (programu ya mazabodi yenye mipangilio ya kuwasha) ikiwa imefungwa kwenye UEFI tupu haitaiona hata ukeshe.

Namna ya kuhakiki: kisakinishi kikiwa wazi bonyeza Ctrl+Alt+F2, piga Enter, andika `ls /sys/firmware/efi`. Vikitokea vitu, umeingia kwa UEFI. Ukiambiwa hakuna folda hiyo, umeingia kwa Legacy. Ctrl+Alt+F5 inakurudisha kwenye kisakinishi cha picha. Hata kichwa cha menyu ya kwanza kinakwambia kama ni UEFI au BIOS, ila watu wanapita haraka.

#4 Babu_Tengeru

Wanangu, hili nimelipiga mara nyingi kwenye mashine za mtumba, ngoja nilieleze polepole.

Kwenye UEFI, kuwasha kompyuta kuna sehemu mbili. Kwanza kuna faili lenyewe la kuwashia, linakaa kwenye kigawanyo kidogo cha FAT kinachoitwa ESP. Debian huliweka ndani ya folda `EFI/debian`. Pili kuna anwani ya faili hilo, na hiyo haikai kwenye diski, inakaa kwenye kumbukumbu ndogo ya mazabodi inayoitwa NVRAM. Kisakinishi kinaandika vyote viwili: faili kwenye diski, anwani kwenye mazabodi.

Sasa ziko mazabodi ambazo mtengenezaji alizijaribu na Windows tu. Unaziandikia anwani, zinaitikia "sawa", na ukizima zinaitupa. Nyingine zinaitunza lakini haziifuati, zinatafuta njia ya Windows, zikiikosa zinatafuta njia ya akiba, `EFI/BOOT/BOOTX64.EFI`, ile inayotumiwa na flashi. Hapo pasipokuwa na kitu, unapata mstari wako mweupe.

Dawa: washa kwa flashi ile ile, ingia sehemu ya uokoaji, chagua kigawanyo cha mfumo, na kwenye orodha ya mwisho kuna chaguo la kulazimisha GRUB iwekwe pia kwenye njia ya vifaa vya kuchomoka. Dakika tano. Ukiwa ndani ya mfumo, amri ni `grub-install --force-extra-removable`.

Kwa nini kisakinishi hakifanyi hivyo chenyewe? Kwa sababu mfumo mwingine kwenye diski hiyo unaweza kuwa unaitegemea njia hiyo hiyo, na ukiufuta umemharibia mtu. Ukitumia hali ya wataalamu, swali hilo unaulizwa. Kwa hiyo hoja yako kwamba kosa ni la kisakinishi mimi naipokea nusu.

#5 Sanawari77

Shikamoo Babu. Hapo kwenye anwani nimeelewa kwa mara ya kwanza, miaka yote nilikuwa nafuta na kurudia tu.

#6 Babu_Tengeru

Marahaba mwanangu.

#7 dada_Njiro

Samahani Babu, nakuheshimu, ila maelezo yako hayajibu kitu kimoja. Modeli ni moja. Kama mazabodi inatupa anwani, mbona 7 zimekubali?

Mimi nasema ni betri ya CMOS, ile CR2032. Hizi kompyuta zimekaa ghalani na kwenye kontena muda mrefu. Betri ikifa, kila ukichomoa umeme mipangilio ya BIOS inarudi ya kiwandani, na kwa mashine za umri huo ya kiwandani mara nyingi ni Legacy kwanza. Umesakinisha kwa UEFI, umezima, umechomoa waya kuhamishia meza nyingine, umewasha, na sasa inatafuta kwa Legacy.

Angalia saa ndani ya BIOS. Uangalie kule kule kwenye BIOS. Ndani ya Debian saa imeshasahihishwa na mtandao, itakudanganya. Ukikuta imerudi mwaka ambao hata hiyo kompyuta ilikuwa haijafika bandarini, umempata mchawi.

#8 Mtumba_Fundi

Mnazunguka mbali. Flashi! Soko limejaa flashi zilizoandikwa GB 64 na ndani kuna 8. Zinapokea, zinapokea, zikijaa zinaandika juu ya vilivyomo. Zipo hapa hapa mjini, nimeshazikuta nyingi mezani kwangu.

Kwenye Linux kuna `f3write` na `f3read`, zinaijaza flashi na kuisoma tena, uongo unaonekana. Halafu faili la ISO, yaani picha ya kisakinishi inayoandikwa kwenye flashi, likaguliwe: Debian wanatoa SHA256SUMS na SHA512SUMS, namba za ukaguzi, pembeni ya kila picha. Ukiwa kwenye Windows ni `certutil -hashfile` kisha jina la faili na neno SHA512. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya.

#9 KiboNet

#8, hoja ya flashi nzuri ila haikai hapa. Flashi mbovu ingekatisha katikati, kisakinishi kinakagua kila kifurushi kabla ya kukifungua. Yeye kamaliza safi mara 12.

#10 Mtumba_Fundi

Ikiwa picha imeharibika kabla ya vifurushi, kwenye sehemu ya kuwashia je? Muulize kwanza flashi iliandikwaje. Kwa programu gani: Rufus hali ya ISO, hali ya DD (inayonakili picha kama ilivyo), au Ventoy? Debian wenyewe wanataka picha inakiliwe kama ilivyo kwenye flashi nzima.

#11 MromboHuria

Nashukuru wakuu. Leo nimeshinda kituoni na daftari, majibu haya hapa.

Kwanza najirekebisha. Nilisema flashi moja. Mwenzangu kanikumbusha zilikuwa mbili: nyekundu iliyoandikwa kwa Rufus hali ya DD, na nyeusi yenye Ventoy. Nani alitumia ipi kwenye mashine gani hatukuandika popote, na hilo ni kosa letu. Namba ya ukaguzi ya SHA512 inalingana.

Mashine 5 ni namba 3, 5, 8, 9 na 11.

Namba 11: nimefungua BIOS, iko UEFI tupu. Nimeingia kwa sehemu ya uokoaji, hakuna kigawanyo cha ESP kabisa. Kwa hiyo iliwashwa Legacy wakati wa kusakinisha, kisha mtu akabadili BIOS. KiboNet umepata moja. Nimesakinisha upya kwa UEFI, inawaka.

Namba 3 na 8: nimefanya alivyosema Babu, njia ya akiba. Zimewaka zote mbili. Nikaandika `efibootmgr -v`, inayoorodhesha anwani zilizo kwenye mazabodi, ndani ya mfumo: kwenye namba 3 anwani ya debian haipo kabisa, kwenye namba 8 ipo na iko ya kwanza kwenye orodha lakini haifuatwi. Mashine pacha, tabia mbili.

Namba 5: njia ya akiba imefanya kazi jana jioni, leo asubuhi imegoma tena. Saa ya BIOS inaonyesha Januari ya mwaka 2013. Dada Njiro, hii nakupa wewe.

Namba 9: nitarudi kwayo.

#12 dada_Njiro

Asante. Badilisha betri, kisha baada ya kuiweka ingia BIOS uchague UEFI na uhifadhi, usisahau, kwa sababu betri mpya haikumbuki ya zamani.

Na kuna madhara mengine ya betri iliyokufa ambayo watu wanayasingizia mtandao. Saa ikiwa nyuma miaka mingi, apt, ile inayovuta programu za Debian, inakataa orodha za vifurushi ikisema faili la toleo halijaanza kuwa halali, na tovuti za https zinagoma kwa vyeti. Niliwahi kukaa saa tatu nagombana na rauta ya watu kwa sababu ya betri.

#13 Rau_Msituni

Jamani Debian ni ya kujitesa. WiFi haishiki, mpaka utafute fimuwea (programu ndogo ya kadi yenyewe) kwenye flashi nyingine, uiweke kwenye folda maalumu... Wekeni Linux Mint.

#14 mwl_UsaRiver

Mkuu #13, hiyo ilikuwa zamani. Wanachama wa Debian walipiga kura mwaka 2022, na kuanzia Debian 12, Juni 2023, fimuwea zisizo huria zimo ndani ya picha rasmi. WiFi nyingi sasa zinashika palepale. Zilizobaki na shida ni baadhi ya Broadcom za zamani, kwa kuwa fimuwea yake hairuhusiwi kusambazwa, inapakuliwa baada ya kusakinisha. Hapo tumia simu: chomeka kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, kisakinishi kinaiona kama kadi ya mtandao. Hivyo ndivyo nilivyosakinisha laptopu ya binti yangu.

Sasa narudi kwenye swali la mleta mada ambalo naona limepitwa: kuripoti. Mimi nimetuma ripoti nne tangu Debian 12 na nataka nieleze kwa undani, kwa sababu nahisi wengi mnadhani lazima uwe mwandishi wa programu.

Debian wana kifurushi cha jina tu kinachoitwa `installation-reports`. Si programu, ni sanduku la kupokelea taarifa za usakinishaji. Ukiwa ndani ya mfumo mpya unaandika `reportbug installation-reports`, inakufungulia fomu. Fomu inauliza picha gani ulitumia, tarehe, mashine, kichakataji, kumbukumbu, vigawanyo, kisha hatua moja moja: kuwaka mara ya kwanza, kutambua kadi ya mtandao, kutambua diski, kugawa diski, kuweka mfumo wa msingi, kuweka GRUB. Mbele ya kila hatua kuna mabano ya mraba. Imekubali unaandika O, imekosea unaandika E, hukujaribu unaacha wazi. Mwisho ni sehemu ya maelezo yako, na pale sentensi tano za Kiingereza cha shuleni zinatosha.

Kinachowasaidia hasa ni logi, yaani faili zinazoandika kila kilichotokea. Ukimaliza kusakinisha, logi zote zinanakiliwa kwenye `/var/log/installer`. Mashine isipowaka, washa flashi tena kwa sehemu ya uokoaji, diski yako ifunguliwe, uzichukue humo. Na kama kisakinishi kimekwama katikati, kwenye menyu yake kuu kuna chaguo la kuhifadhi logi. Mojawapo ya njia zake ni ya wavuti: kisakinishi kinajigeuza seva ndogo, kinakupa anwani, unaifungua kwa simu iliyo kwenye rauta ile ile na kuzishusha. Mara ya kwanza kuona hivyo, logi za mashine iliyokwama mezani zikitiririka kwenye simu yangu, niliwaita wanafunzi waje waone.

Mambo mawili ya kuangalia. Ripoti zinakaa hadharani pamoja na barua pepe yako, kwa hiyo wengine hufungua anwani ya kazi hiyo pekee. Na zisome logi kabla ya kutuma, majina ya mashine na ya mitandao yamo.

Na la mwisho: wanaomba ripoti hata usakinishaji ukifaulu. Zile mashine zako 7 nzuri nazo ni taarifa. Mtu atakayesoma kwamba modeli moja imekubali 7 na kukataa 5 ana pa kuanzia, kuliko kusoma moja iliyokataa.

#15 Kilombero_Sokoni

Mwalimu, nina Pentium 4 mbili za biti 32, bado nzima. Debian 13 zitakubali?

#16 mwl_UsaRiver

Hapana mkuu. Debian 13, iliyotoka 9 Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala keneli (kiini cha mfumo) ya i386, yaani ya biti 32. Debian 12 ndiyo ya mwisho, na huduma yake ya muda mrefu ni hadi Juni 2028.

#17 KiboNet

Nataka kuongeza juu ya #14, kwa nini ripoti ya Kwa Mrombo ina uzito wake.

Kisakinishi kinajaribiwa sana, tusiwavunjie heshima. Wana openQA, mfumo unaowasha picha za kisakinishi wenyewe, unabonyeza vitufe, unalinganisha skrini. Siku ya toleo dogo, kwa kawaida Jumamosi, kuna watu wanajitolea kupitia picha moja baada ya nyingine kabla hazijatangazwa. Lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika kwenye kompyuta pepe. Kompyuta pepe haina betri iliyokufa, mazabodi yake haisahau anwani. Haijavuka bahari kwenye kontena, na umeme haujamkatikia mtu katikati ya kugawa diski. Vitu hivi tunavyo sisi. Hatuhitaji kujua C ili kuvisema.

Mimi nilianza kwa kujaribu picha za kila wiki za toleo linalokuja, Forky, kwenye mashine moja niliyoitenga. Jumapili moja kwa mwezi. Siku ya kwanza nilikuta kibodi inabadilika mpangilio katikati, nikatuma, nikajibiwa kwamba imeshaonekana na mwingine na marekebisho yako njiani. Nilidhani nimepoteza muda. Baadaye nikaelewa kwamba mtu wa pili kuona kitu kile kile ndiye anayefanya kiaminike.

#18 Mtumba_Fundi

Nakubali yote ila bando. Nani atapakua picha kila wiki? Na kompyuta 12 kila moja ivute vifurushi vyake?

#19 dada_Njiro

Picha ya netinst, ile ndogo inayovuta vingine mtandaoni, haifiki GB 1. Ya DVD ndiyo karibu GB 4, hiyo huihitaji.

Kwa mashine nyingi, mashine moja iwe ghala. Weka `apt-cacher-ng` juu yake, inasikiliza lango 3142. Kisakinishi kikifika kwenye swali la seva mbadala ya HTTP, lile ambalo sote tunaliacha wazi na kubonyeza endelea, andika anwani ya mashine hiyo na 3142. Mashine ya kwanza inavuta kutoka nje, za nyuma yake zinachota ndani. Sisi tulisakinisha 9 kwa bando la moja na ushee.

#20 MromboHuria

Dada hili ningelijua wiki iliyopita! Nilimaliza bando la mwezi mzima kwa siku mbili.

#21 Rau_Msituni

Sawa nimekubali kuhusu WiFi. Ila lugha je? Nimefungua kisakinishi leo, lugha zaidi ya 70, Kiamhari kipo, Kiswahili hakuna. Halafu nimechagua Kiingereza na nchi Tanzania, kikaniambia hakuna mpangilio wa lugha na nchi hizo mbili kwa pamoja, nichague nchi nyingine, kama Marekani au Uingereza. Hilo limeniuma.

#22 Babu_Tengeru

Hilo la pili ni kwa kuwa kwenye glibc, maktaba ya msingi ya mfumo, hakuna `en_TZ`, Kiingereza cha Tanzania. Kuna `sw_TZ`, Kiswahili cha Tanzania, ipo, na ukishaingia kwenye mfumo unaweza kuiwasha kwa `dpkg-reconfigure locales`. Tarehe zikaanza kuandikwa Jumatatu, Jumanne.

La kwanza linataka watu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Waswidi, walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Nilikuwa nayo kwenye kompyuta yangu. Watu walikaa wakabishana neno kwa neno. Kwa hiyo hatuanzi jangwani.

Tafsiri za kisakinishi zinafanyika kwenye Weblate, kwenye kivinjari, na maneno yamepangwa kwa madaraja, la kwanza likiwa yale ambayo kila mtu atayaona. Ni sentensi moja moja. Kijana wa kidato cha nne mwenye Kiswahili kizuri anaiweza.

#23 Sanawari77

Tuanze basi. Partisheni tunaiitaje? Mimi nasema "kigawanyo".

#24 Kilombero_Sokoni

Kigawanyo kwangu mimi ni hesabu. "Sehemu ya diski" basi.

#25 dada_Njiro

"Sehemu" itakugonga ukifika sentensi yenye sehemu ya kigawanyo. "Kizigeu" kimetumika kwenye baadhi ya programu, na kina maana ya ukuta wa kugawa chumba, picha yake nzuri. Ila hakuna fundi hata mmoja atakayekielewa hapa mjini.

#26 Mtumba_Fundi

Fundi atasema "patisheni" hadi kiama. Andikeni patisheni.

#27 Babu_Tengeru

Tatizo la kutohoa kila kitu ni kwamba yule mama anayesakinisha mara ya kwanza hana faida na patisheni, anataka kujua kama picha zake zitafutika. Mimi ninalojali zaidi ni lile onyo la kabla ya kuandika kwenye diski. Hilo liwe Kiswahili ambacho hata asiyejua kompyuta akisoma atatoa mkono kwenye kibodi. Maneno mengine tutabishana hata mwaka.

#28 Sanawari77

Babu hapo umemaliza. Ila mimi bado niko na kigawanyo.

#29 MromboHuria

Wakuu, taarifa ya Alhamisi.

Namba 5: betri mpya, shilingi 2,000 karibu na stendi ndogo. Nimeichomoa umeme usiku mzima. Asubuhi imewaka, saa iko sawa.

Ripoti nimetuma. Moja kwa mashine 7 zilizokubali, nyingine kwa namba 3 na 8 pamoja, nikaweka logi na matokeo ya `efibootmgr -v`. Nimeandika pia matoleo ya BIOS, na hapa kuna kitu: zile 7 zina toleo jipya kuliko namba 3. Lakini namba 8 ina toleo lile lile la zile 7, na bado haifuati anwani yake. Dada uliuliza mbona 7 zimekubali. Nusu ya jibu ni hiyo, nusu nyingine sina.

Namba 9 sasa. UEFI nimehakiki kwa folda, ipo. Saa sawa. ESP ipo, nimeifungua nikaona `BOOTX64.EFI` kwa macho yangu. Njia ya akiba nimelazimisha mara mbili, mara moja kwa flashi nyekundu na mara moja kwa nyeusi. Nikiwasha kwa flashi naiona diski, naisoma, naandika faili, nalisoma tena. Nikitoa flashi, mstari mweupe. Ila mara moja, jana saa kumi, iliwaka yenyewe bila flashi. Mara moja tu. Nikaizima kwa furaha ili niwaonyeshe wenzangu, ikagoma.

#30 Mtumba_Fundi

Diski inachelewa kuamka. BIOS inaangalia kabla haijaanza kuzunguka, inasema hakuna. Ukiwasha kwa flashi inapata muda wa kuamka. Zima ule uwashaji wa haraka ndani ya BIOS. Na pima `smartctl -a`, angalia sekta zilizohamishwa.

#31 Babu_Tengeru

Inawezekana. Au pawa saplai imechoka, diski inakosa nguvu sekunde za kwanza. Ukikuta ubaridi wa asubuhi unaizidisha, ni hiyo.

#32 dada_Njiro

Angalia pia hali ya SATA (njia ya kuunganisha diski) kwenye BIOS, isije ikawa RAID. Ingawa hiyo isingewaka hata hiyo mara moja.

#33 MromboHuria

SATA iko AHCI, hali ya kawaida, si RAID. `smartctl` inatoa sekta zilizohamishwa 0. Uwashaji wa haraka nimeuzima, nimewasha mara sita: imekubali mbili, imegoma nne. Jumamosi asubuhi nahamisha diski ya namba 9 kwenda namba 7 na ya namba 7 kuja namba 9.

#34 KiboNet

Usihamishe diski kabla ya waya wa SATA. Badilisha waya peke yake, washa mara kumi, andika. Kisha diski, mara kumi, andika. Ukibadilisha vyote pamoja hatutajua kilichopona. Jumamosi napanda basi la asubuhi kutoka Moshi, nakuja na waya mbili na pawa saplai ninayoiamini.